Riluzoli: Dawa Inayomtuliza Mjumbe wa Neva

Msomaji anapokunja kidole ili afungue ukurasa huu, amri hutoka ubongoni, hupita katika uti wa mgongo na kuufikia msuli. Njiani amri hiyo hupokezanwa na chembe za neva: chembe moja hutoa kemikali, nayo ya pili huipokea na kusisimka. Katika ubongo na uti wa mgongo, kemikali itumikayo zaidi kwa kazi hiyo ni glutameti.

Mjumbe huyu ni wa lazima, lakini hapana budi aondolewe mara afikishapo habari. Akikawia, milango ya chembe inayopokea hubaki wazi, kalsiamu huingia kwa wingi, na vimeng'enya vya chembe hiyo huanza kuivunja kutoka ndani. Mwaka 1969 mtaalamu wa Marekani, John Olney, alionyesha kwamba glutameti ikizidi huua chembe za ubongo wa panya wachanga.

Wataalamu walishuku kwamba madhara haya huchangia maradhi ambayo Wafaransa huyaita kwa jina la daktari Jean-Martin Charcot, aliyeyaeleza mjini Paris kuanzia mwaka 1869. Katika maradhi hayo, neva zinazoongoza misuli hufa. Mgonjwa hudhoofika mikono, miguu na ulimi, mwishowe hata pumzi, huku aghalabu akili yake ikibaki timamu.

Hapo ndipo riluzoli ilipojaribiwa. Dawa hii huziba kwa kiasi njia zinazopitisha sodiamu katika neva, hivyo neva hutoa glutameti kidogo zaidi. Yaelekea pia huhimiza chembe jirani kuifyonza glutameti iliyobaki. Katika jaribio la wagonjwa 155, lililotangazwa mwaka 1994, asilimia 74 ya waliopewa dawa walikuwa hai baada ya miezi 12, dhidi ya asilimia 58 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Marekani iliiidhinisha mwaka 1995, nayo humezwa miligramu 50 mara mbili kwa siku. Ini la mgonjwa hupimwa mara kwa mara, kwani dawa yaweza kulidhuru.

Isidhaniwe kwamba hii ni tiba kamili. Hairudishi nguvu iliyopotea. Kwa wastani, majaribio yalionyesha nyongeza ya miezi miwili au mitatu tu. Aidha, jaribio kubwa kwa wagonjwa wa Huntington, lililotangazwa mwaka 2007, halikuonyesha faida yoyote.

Hata hivyo, katika maabara riluzoli imekuwa chombo cha kuulizia maswali. Mathalani, wachunguzi wa mdundo wa kupumua huitumia kuzima mkondo fulani wa sodiamu katika neva za shina la ubongo, kisha hutazama kama mdundo utaendelea.

Faida yake, basi, ni ndogo, wala glutameti haiwezi kuzimwa kabisa bila kuzima fikra na mwendo wenyewe. Kwa hiyo daktari hana budi kumweleza mgonjwa ukweli huo wote, ili mgonjwa mwenyewe aamue thamani ya miezi hiyo.