Filamu za mashujaa: Pesa iko kwenye tiketi ya pili

KATIKA biashara yoyote, mteja wa kwanza huletwa na tangazo. Anayerudi huletwa na bidhaa yenyewe. Kanuni hiyo, ambayo kila mwenye duka anaifahamu, ndiyo inayotenganisha faida na hasara katika soko la filamu za Marekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu.

Tuchukue mifano miwili ya kampuni moja, Warner Bros. Mwaka 2016 ilitoa Batman v Superman. Katika siku tatu za mwanzo, filamu hiyo iliingiza dola milioni 166 mlangoni huko Amerika ya Kaskazini. Mwisho wa wiki ya pili mapato yakaporomoka kwa asilimia 69. Hadi inaondolewa sokoni humo ilikuwa imefikisha dola milioni 330, yaani mara mbili tu ya mwanzo wake.

Mwaka 2017 kampuni hiyo ikatoa Wonder Woman. Hii ilianza na dola milioni 103, lakini katika soko lile lile ikamaliza na milioni 412, yaani mara nne. Iliyoanza nyuma ikamaliza mbele.

Tofauti ilitoka wapi? Ya kwanza ilikuwa na majina mawili makubwa, lakini hadithi yake ilikuwa nzito, na sehemu yake ilitumika kutangaza filamu ambazo zilikuwa hazijatoka. Mtazamaji alikwenda kuona pambano. Alipoliona, hamu ikaisha. Ya pili ilikuwa na mwanzo na mwisho wake, na haikumdai mtu awe ameona nyingine kabla. Shujaa wake, Diana, alipendeka kama mtu. Pale anapotoka kwenye handaki la askari wa Vita Kuu ya Kwanza na kuzikabili risasi peke yake, kioo kikubwa na ukumbi uliojaa watu huongeza ladha ambayo televisheni ya sebuleni haina.

Sababu nyingine ni mwenzako. Black Panther ya mwaka 2018, ambayo Mkenya Lupita Nyong'o ni mmoja wa wachezaji wake wakuu, ilianza na dola milioni 202 na kumaliza na milioni 700 huko huko Amerika ya Kaskazini. Watu walikwenda kwa vikundi, wengine wamevaa nguo za Kiafrika kama waendao harusini. Filamu ya namna hiyo humpa aliyeiona sababu ya kurudi na mzazi, mtoto au rafiki.

Ni kweli tarakimu hazionyeshi nani karudi na nani kaja kwa kusikia. Lakini wote wawili huletwa na kitu kimoja: kuridhika kwa mteja aliyetangulia.

Kelele peke yake si mauzo. Sony ilitoa Morbius Aprili 2022, na mwisho wa wiki ya pili mapato yakashuka kwa asilimia 74. Kwenye mtandao watu wakaigeuza mzaha, wakijifanya kuisifu. Juni mwaka huo ikarudishwa katika majumba zaidi ya 1,000. Mwisho wa wiki hiyo ilikusanya kama dola 300,000, wastani usiozidi dola 300 kwa jumba zima. Waliocheka hawakununua tiketi.

Kwa mwenye jumba la sinema, mteja anayerudi ana thamani zaidi. Fedha nyingi za tiketi huenda kwa kampuni yenye filamu. Yeye hutegemea sana bisi na soda. Anayerudi hununua bisi upya, na hakuna aliyelipia tangazo la kumrudisha.

Kwa hiyo, msomaji unayefikiria kuweka akiba yako katika biashara hii, iwe ni kwa hisa za kampuni za nje au kwa ukumbi mdogo mtaani kwako, usivutwe na mapato ya siku tatu za mwanzo. Subiri wiki ya pili. Yakipungua kwa asilimia 45 hivi, kama ilivyokuwa kwa Black Panther, ujue bidhaa inapendwa. Yakipungua kwa 70, tangazo ndilo lililouza, na tangazo limekwisha kazi yake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Morbius ilijitembeza mara mbili.