Mbwa wa Shamba, Nungunungu na Kicheche

Mkulima wa Kimbiji apandaye muhogo nyuma ya minazi yake ana maadui wengi wa usiku, na nungunungu ni mmoja wao. Kwa sababu hiyo wako watu wafugao mbwa wa kulinda shamba. Tendo hilo ni jema, maana mbwa akibweka kwa wakati wake huokoa kazi ya miezi mingi. Lakini mbwa asiyemjua nungunungu humrukia kwa pupa, na asubuhi huonekana amelala chini ya mwembe, uso umejaa miiba, hali chakula wala hanywi maji. Maneno haya yameandikwa ili ujue la kufanya siku hiyo, na lile usilopaswa kulifanya.

TABIA YA NUNGUNUNGU. Wazee wengi husema ya kwamba nungunungu hurusha miiba kama mishale. Sivyo. Akikabiliwa, kwanza husimamisha miiba yake na kutikisa mkia. Miiba ya mkiani ina uwazi ndani, nayo hulia kwa sauti ya kuonya. Adui asipoondoka, nungunungu humpa mgongo, kisha hurudi nyuma au ubavu kwa ghafula na kumchoma. Miiba hung'oka upesi katika ngozi yake ikabaki mwilini mwa mbwa. Yako mataifa ambayo nungunungu wao wana miiba yenye vijembe vidogo nchani, kama wale wa Marekani. Miiba ya nungunungu wetu wa Afrika haina vijembe hivyo, lakini ni mirefu na minene zaidi, tena huingia ndani sana pamoja na uchafu wa udongo. Basi hatari yake kubwa ni jeraha lenye mdomo mdogo na kina kirefu, ambalo huziba juu huku usaha ukifanyika chini.

KUMWONDOLEA MBWA MIIBA. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata bwana wake, kwa hiyo watoto wasimkaribie. Vaa glavu ili ujikinge na damu na mate. Kisha fuata haya:

1. Mtazame mwili mzima kwanza. Mwiba ukiwa katika jicho, kinywa, koo, kifua au tumbo, usiuguse. Mzuie mbwa asijikune wala asikimbie, ukampeleke kwa mganga wa mifugo siku ile ile. Mwiba wa kifuani huweza kuwa umefika pafuni, na kuuvuta nyumbani kwaweza kumwua.

2. Miiba ikiwa michache, nayo imo katika miguu, mabega au mgongo, mfunge mbwa mdomo kwa kitambaa laini: zungusha mara mbili juu ya pua na taya, kisha funga nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo mbwa atapikaye au apumuaye kwa shida.

3. Shika mwiba kwa koleo karibu na ngozi, uuvute moja kwa moja kwa kufuata njia ile ile ulikoingilia. Usiusokote. Wala usiukate kwa kudhani utalegea. Mwiba uliokatwa hupasuka, na kipande chake hubaki ndani.

4. Osha kila jeraha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko 1 cha chai cha chumvi. Usipake majivu, mavi ya ng'ombe wala mafuta ya taa.

5. Usimpe mbwa dawa za maumivu za watu, maana baadhi yake ni sumu kwake.

Baada ya hapo mpapase kila siku kwa muda wa majuma mawili. Ukiona uvimbe, joto, usaha au kuchechemea, fahamu ya kwamba kuna kipande kilichosalia. Mwite afisa mifugo wa kata.

KICHECHE. Mnyama huyu ni mdogo, mweusi, mwenye mistari myeupe mgongoni. Akibanwa huinua mkia na kutoa maji yanukayo vibaya mno, na pengine hujilaza kama mfu. Ni kweli huweza kuiba kuku, lakini pia hula panya, wadudu na nyoka, wote wakiwa adui za shamba. Afadhali ufunge banda lako vizuri kuliko kumwua.

Mbwa aliyepatwa na maji hayo huoshwa macho kwanza kwa maji safi mengi. Kwa harufu iko dawa iliyotangazwa mwaka 1993 na mkemia wa Marekani, Paul Krebaum, kwa ajili ya mnyama wa kwao mwenye tabia kama hiyo. Changanya lita 1 ya haidrojeni peroksidi ya asilimia 3, robo kikombe cha unga mweupe wa soda ya kupikia (si magadi ya mawe), na kijiko 1 cha sabuni ya maji. Mpake mbwa upesi mbali na macho, ngoja dakika 5, kisha msuuze. Mchanganyiko uliobaki umwage; ukiufungia katika chupa utaipasua.

KICHAA CHA MBWA. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mnyama wa porini ajaye mchana bila hofu na kumng'ata mbwa huenda ana kichaa. Mtu aking'atwa, au mate yakiingia katika jeraha lake, na aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kuchanjwa. Asingoje kuona dalili, maana dalili zikionekana karibu hapana aponaye. Mbwa wako achanjwe kila mwaka.

KUJIKINGA. Mfunge mbwa usiku karibu na nyumba. Atakuamsha kwa kubweka bila kupigana. Ng'oa muhogo uliokomaa, wala usiache mabaki shambani. Fyeka vichaka vya mpakani. Ukiweka uzio wa waya, uzike chini kiasi cha futi 1, maana nungunungu huchimba. Usimtie mbwa katika shimo lake, na ukumbuke ya kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda bila kibali.

Weka tayari nyumbani koleo, kitambaa, glavu, chumvi, sabuni na cheti cha chanjo ya mbwa. Vitu hivi ni vya bei ndogo, navyo vyatosha kumrudisha mlinzi wako kazini, na kuwaweka salama watoto wachezao karibu naye.