Jiwe, Ujuzi na Utajiri: Mfano wa Likasi

Neno "maliasili" limezoeleka mno katika Kiswahili sanifu, hata hatuulizi tena lina maana gani. Ni muungano wa "mali" na "asili", nalo humfanya msikilizaji adhani kwamba mali imo ardhini tayari, ikingoja sururu tu. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha, kwa mfano wa mji wetu wa Likasi, kwamba neno hilo lahitaji kuchunguzwa. Asili imetupatia jiwe. Jiwe huwa mali pale mtu anapojua la kulifanyia, na uchumi wa taifa hukua au hudumaa kufuatana na mahali alipo mtu huyo.

Tuanze na jina, kama ilivyo desturi ya sisi watu wa isimu. Kobalti, ambayo leo hutajwa pamoja na nchi yetu katika magazeti ya dunia nzima, ilipata jina lake kwa wachimba madini wa Ujerumani ya zamani. Kobold kwao lilikuwa jina la pepo mtukutu. Waliliyeyusha jiwe hilo wakitarajia fedha, wakaambulia moshi wenye sumu, wakasema pepo amewachezea. Katika miaka ya 1730 mwanakemia Georg Brandt wa Uswidi alionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na metali isiyojulikana hadi wakati huo. Jiwe lilikuwa lile lile. Kilichoongezeka ni ujuzi.

Katika nchi yetu ujuzi wa madini haukuletwa na wageni. Wahunzi wa Katanga waliyeyusha mawe ya kijani ya shaba katika tanuru zilizojengwa kwa udongo wa kichuguu, wakichochea moto kwa mivukuto, na misalaba ya shaba waliyoitengeneza ilitumika kama fedha mbali na hapa. Wayeke wa Mwami Msiri wa Bunkeya, aliyeuawa mwaka 1891, walijulikana kwa kazi hiyo. Mchimbaji, myeyushaji na mfanyabiashara waliishi katika jamii moja, na faida ya kila hatua ilibaki humo.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuja na ujuzi wa namna nyingine. Madini mengi ya huku yalikuwa na shaba kidogo, tena ya aina isiyofaa kuyeyushwa moja kwa moja kwa moto. Ndipo katika kiwanda cha Shituru, kilichofunguliwa hapa mwaka 1929, jiwe lililosagwa likayeyushwa ndani ya asidi ya salfa, kisha mkondo wa umeme ukaivuta shaba itoke katika maji hayo na kujishika kwenye mabamba. Kazi hiyo hula umeme mwingi. Mwaka 1930 bwawa la Mwadingusha, katika mto Lufira, likaanza kuutoa. Huo ulikuwa ubunifu mkubwa, na mji ulikua juu yake. Lakini mfanyakazi Mkongo alifundishwa kufungua bomba na kuondoa bamba, hakufundishwa kanuni. Amri alipewa kwa Kiswahili; kemia ilibaki katika Kifaransa cha ofisini. Chuo kikuu cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kilifunguliwa mwaka 1956, nusu karne kamili baada ya kampuni.

Kilichotokea Shinkolobwe, kilomita chache kutoka mjini kwetu, kinaonyesha hatari ya mgawanyo huo. Urani ilivumbuliwa huko mwaka 1915. Kwa miaka mingi kilichotafutwa ndani yake ni radi kwa ajili ya matibabu, nayo ilitengenezwa Olen, Ubelgiji. Urani yenyewe ilikuwa na matumizi madogo, kama kutia rangi vyombo vya udongo na kioo. Mwishoni mwa 1938 wataalamu wa Berlin waligundua kwamba kiini cha atomu ya urani chaweza kupasuliwa. Mwaka 1940 zaidi ya tani 1,000 za madini ya Shinkolobwe zilisafirishwa hadi New York, na urani ya huko ilitumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Waliolichimba jiwe hilo ndio waliokuwa wa mwisho kujua thamani yake.

Turudi kwenye kobalti, maana hapo somo linatuhusu leo. Vita vya Kolwezi vya mwaka 1978 vilipandisha bei yake ghafla. Wengi walidhani bei hiyo ni ushindi wa mwenye jiwe. Kumbe viwanda vilivyotumia kobalti katika sumaku viliharakisha utafiti, na kabla ya mwaka 1985 wataalamu wa Japani na Marekani walikuwa wameunda sumaku zenye nguvu zaidi zisizoitegemea. Kwa bahati, mwaka 1980 John Goodenough na wenzake wa Oxford walikuwa wameonyesha kwamba kobalti ikiunganishwa na lithiamu yafaa kwa betri, na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuuza betri hizo. Ubunifu ulitunyang'anya soko kwa mkono mmoja, ukatupa jingine kwa mkono wa pili. Sisi hatukuwamo katika chumba chochote kati ya hivyo viwili.

Wala haitoshi kuwa na kampuni ya taifa. Gécamines, iliyorithi Union Minière baada ya mwaka 1967, ilizalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 1994 haikufika tani 40,000. Fedha zilichotwa bila mitambo kukarabatiwa, mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, na katika miaka ya 1992 na 1993 wakazi wengi wenye asili ya Kasai, wakiwamo mafundi na wahandisi, walifukuzwa Likasi na Kolwezi. Tulio wenyeji hatupendi kulisema hili, lakini lazima lisemwe: ujuzi wa miaka mingi ulipandishwa treni ukaondoka. Shaba ilikuwa bado ardhini.

Mwezi Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje, na mwezi Oktoba ikaweka viwango kwa kila kampuni. Bei ilipanda. Nchi itoayo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia ina haki ya kufanya hivyo. Hata hivyo, magari mengi ya umeme ya China tayari hutumia betri za chuma na fosfati, zisizo na kobalti hata chembe, na anayekumbuka mwaka 1978 hawezi kukosa wasiwasi. Kwa maoni yetu, mkataba wa mwaka 2022 baina ya Kongo na Zambia kuhusu utengenezaji wa betri unagusa kiini cha jambo zaidi kuliko viwango hivyo, maadamu maabara zitapewa fedha na vijana.

Malori yapitayo Likasi kuelekea Kasumbalesa hubeba mabamba ya shaba na unga wa kobalti ambao husafishwa zaidi China. Tuliwaomba wanafunzi wetu waeleze kwa Kiswahili safari ya jiwe kutoka Kambove hadi ndani ya simu. Walifika Shituru bila shida. Hapo wakahamia Kifaransa. Na baada ya mpaka wa Kasumbalesa wakanyamaza katika lugha zote mbili.