Baada ya leza, uso wataka subira

Wanawake wenzangu wa hapa Mombasa wamezoea kunivuta kando arusini na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Ati ni kweli ulichomwa uso kwa umeme?" Nimejibu hata nimechoka, nikaona heri niandike. Mengi yanayosemwa yametiwa chumvi, na lile lililonitesa hasa halimo katika masimulizi yao.

Sikuchomwa kwa umeme, nilichomwa kwa mwanga. Nilipokuwa msichana nilitoka chunusi kubwa kubwa, nazo zikaniachia mashavu yenye vishimo kama ganda la chungwa. Leza niliyofanyiwa ni ile ya kaboni dayoksaidi, aliyoivumbua Kumar Patel, mzaliwa wa India, huko Marekani mwaka 1964. Mwanga wake hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya ngozi, yakageuka mvuke papo hapo na ngozi ikaondoka nayo. Zamani ilikuwa ikiambua tabaka zima la juu. Mwaka 2004 Dieter Manstein na Rox Anderson wa Boston walieleza namna ya kupiga vitundu vidogo vidogo tu, ngozi ya baina yake ikabaki salama ili isaidie kuponya, na baadaye njia hiyo ikaingizwa katika leza ya kaboni. Hiyo ndiyo niliyoifuata Nairobi.

Siku ilikuwa Jumanne. Nilipakwa dawa ya ganzi, nikangojeshwa saa nzima, kisha nikasikia harufu ya nywele zinazoungua. Jioni, nikiwa kwa ndugu yangu South C, mashavu yaliwaka moto kana kwamba nimerukiwa na mafuta ya mahamri. Baada ya saa chache moto ule ulitulia. Asubuhi ya pili niliamka nimefura hata macho yamekuwa membamba, na maji maji ya manjano yananitiririka. Ndugu yangu alinitazama nusura aniambie makiwa. Kumbe ndivyo iwavyo: uvimbe huzidi siku ya pili na ya tatu, nao hupungua upesi ukilalia mito miwili mitatu, kichwa kikawa juu.

Kazi yangu ilikuwa kuosha na kupaka vaselini, ngozi isikauke hata kidogo. Kidonda kikavu hupona polepole na huacha alama. Hapo ndipo kutawadha kuliponitia wasiwasi. Nilimpigia simu mwalimu wangu, naye akaniuliza kwanza daktari amesemaje juu ya maji. Daktari alikuwa ameyaruhusu kuanzia siku ya pili, yawe safi, yamepoa, bila kusugua. Basi siku ya kwanza nilifuata alivyonielekeza mwalimu kwa mgonjwa, na zilizofuata nikawa naondoa vaselini taratibu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, natawadha, nasali, kisha napaka upya. Mara tano kwa siku. Sikuhitaji saa ya kunikumbusha dawa.

Siku ya nne uso ulikuwa mkavu na mweusi mweusi, ukiupapasa ni kama mchanga wa Nyali. Vilikuwa ni vigaga vidogo vidogo, na muwasho wake, wallahi, wamtoa mtu akili. Ukivikuna unajitia kovu jipya. Nilijifunga vitambaa vidoleni wakati wa kulala. Siku ya saba na ya nane vikapukutika vyenyewe, na chini yake ngozi changa, laini, yenye wekundu.

Nililoonywa sana ni hili: maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku ya tatu, au ukaona usaha, homa, au malengelenge yaliyokusanyika mahali pamoja, usingoje kesho, rudi kwa daktari. Mimi hata kabla ya leza nilianzishiwa vidonge vya kuzuia virusi, kwa kuwa nina desturi ya kutoka vipele vya homa mdomoni, na leza huviamsha.

Nilirudi Mombasa kwa gari la moshi la usiku ili nisikutane na jua. Khalati yangu alikuwa amekwisha nisagia liwa. "Mwanangu, vaselini ni ya visigino," akaniambia, "uso wapakwa liwa." Liwa naipenda, lakini ngozi mbichi haitaki manukato, wala manjano, wala moshi wa udi, wala mvuke wa sufuria. Khalati alinuna siku tatu.

Nilidhani nimemaliza. Juma la nne nilijitazama kwenye kioo, na mashavu yalikuwa meusi kuliko yalivyopata kuwa maishani mwangu, mabaka mabaka. Nililia. Arusi ya binamu yangu ilikuwa imebaki majuma matatu. Khalati, kwa huruma, akaniletea kopo la krimu ya kujichubua, halina hata jina la aliyeitengeneza, akasema yasafisha kwa siku kumi. Nililishika mkononi muda mrefu.

Daktari alinijibu kwa simu kwamba weusi ule huwapata sana watu wa rangi yetu. Ngozi iliyojeruhiwa huzidisha rangi, kwa kawaida kuanzia juma la tatu au la nne, na hufifia kwa miezi, si kwa siku. Jua huukoleza. Krimu zisizojulikana huenda zina zebaki au dawa kali, zikaichoma ngozi ambayo haijakomaa na kuzidisha weusi wenyewe. Tiba yake ilikuwa mafuta ya kukinga jua kila asubuhi, hata siku ya mawingu, na kupaka tena baada ya saa mbili nikiwa nje, na krimu aliyoniandikia mwenyewe. Nikaongeza mwavuli, na mtandio nikauteremsha mpaka kwenye nyusi.

Arusini nilikwenda na mabaka yangu. Wako walionicheka.

Weusi ulianza kufifia mwezi wa tatu, na kufikia wa sita ulikuwa umekwisha. Vishimo havikuondoka vyote. Vimekuwa vifupi, na mwanga wa taa hauvionyeshi kama zamani. Daktari asema nikitaka naweza kurudia. Bado sijaamua, ila nikienda, sitakwenda wakati wa kaskazi, jua likiwa kali hivi. Nitangoja kusi.