Jiwe Linalosafiri Ndani ya Maji

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wajukuu wangu. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi. Mhusika wake ni jiwe, tena jiwe lenye ujanja: huyeyuka, likasafiri majini lisionekane, kisha likageuka jiwe tena mbali na kwao.

Safari yake huanza na mvua. Mvua inaposhuka hubeba kutoka hewani gesi iitwayo kabonidayoksaidi, ndiyo hiyo inayofoka mkifungua chupa ya soda. Maji yakizama udongoni huongezewa gesi hiyo maradufu, kwa kuwa mizizi na vijidudu vya ardhini hupumua kama sisi. Hapo maji hupata ukali kidogo. Yakikutana na jiwe la chokaa, huliguguna polepole na kulichukua.

Sasa tutoke hapa Garsen, tushike barabara ya kusini, tuipite Malindi mpaka Kilifi, kisha tupande vilima. Huko kuna pango liitwalo Panga ya Saidi. Jiwe lake la chokaa lilikuwa sakafu ya bahari zama za madinosaria. Ndani yake watafiti, wakiwemo wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walifukua kaburi la mtoto wa umri wa karibu miaka mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na watafiti wakamwita Mtoto tu. Haya, niambieni: nyumba kubwa namna ile ndani ya mwamba ilichimbwa na nani? Na maji hayohayo yanayoguguna chokaa.

Lakini maji hayachimbi tu, hujenga pia. Tone likipenya mwamba na kuning'inia kwenye dari la pango, hukuta hewa yenye gesi kidogo kuliko ile ya udongoni. Gesi iliyomo kwenye tone hutoroka. Ikishatoka, maji hayana tena nguvu ya kubeba jiwe lote, basi chembe ya madini yaitwayo kalsiti hubaki darini. Tone lingine, chembe nyingine. Kinachoteremka kutoka juu ni stalaktiti, na kinachoinuka pale matone yanapoangukia ni stalagmiti. Mara nyingi sentimita moja huchukua miaka 100 hivi. Wengi hudhani tone limekauka. La! Pango lenye unyevu halikaushi kitu upesi. Kilichoondoka ni gesi, maji bado yapo.

Kuna njia ya pili ya maji kuacha madini, na hii ni kazi ya jua. Turudi kwetu, hadi Kurawa, kwenye mabwawa ya chumvi. Mengine yako Marereni na Gongoni. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za madini yaliyoyeyuka. Maji huingizwa kwenye bwawa, yakasogezwa kwenye jingine, huku jua likiyanywa. Je, chumvi ndiyo hutangulia kuonekana? Hapana. Maji yakipungua kufikia nusu hivi, kabonati ya kalsiamu, ndiyo chokaa yenyewe, hutua kwanza. Yakibaki sehemu moja ya tano, jasi hufuata. Yakibaki sehemu moja ya kumi ndipo chumvi ya mezani inapoganda. Kila madini yana zamu yake, na yale yasiyopenda kuyeyuka ndiyo hushuka mapema.

Mbona basi Ziwa Magadi, kule Kajiado, limejaa magadi wala si chokaa? Chemchemi za moto zinazolilisha hupita kwenye miamba ya volkano, zikafika na sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo mno. Ziwa halina mto wa kulitoa maji, kwa hiyo jua likiyamaliza hubaki kabonati ya sodiamu. Kampuni ya kuyachimba magadi hayo iliundwa mwaka 1911, na hadi leo yanachimbwa. Mto Tana, kwa upande wake, una mlango. Hutoka Aberdare na Mlima Kenya, husafiri kama kilomita 1,000, hupita hapa Garsen na kumwaga mzigo wake, kalsiamu ikiwemo, baharini huko Kipini. Kome na matumbawe ya baharini huitwaa kalsiamu ya namna hiyo kujengea magamba na nyumba zao.

Sasa kazi yenu. Kwaruzeni ukoko mweupe wa birika la kuchemshia maji ya kisima. Pale moto ndio uliofukuza gesi, jiwe likabaki. Wekeni ukoko huo, magadi kidogo na chumvi, kila kimoja kwenye kisahani chake, kisha kamulieni ndimu. Chumvi itanyamaza. Magadi yatatoa povu, na ukoko wa chokaa utatoa vipovu pia. Vipovu hivyo ni kabonidayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani ya madini. Kwa hiyo mkiokota jiwe jeupe msilolijua, liulizeni kwa ndimu: likifoka, ni la ukoo wa kabonati.