Mawe, Mchanga au Vizibo? Kuchagua Makao ya Vijidudu Vinavyosafisha Maji Machafu

[Muziki wa kufungua, sekunde 10, kisha ushuke]

MTANGAZAJI:  

Wiki iliyopita vijana wanne walikuja studio na swali. Maji ya bafu na ya kufulia pale kwao yanatiririka hadi bondeni, karibu na chemchemi wanakoteka watoto. Wamejenga tangi la saruji la kuyachuja, na wana pesa ya kulijaza mara moja tu. Walijaze nini? Mmoja anasema mchanga, wa pili makaa, wa tatu matofali yaliyovunjika, wa nne vizibo vya chupa. Wakikosea, hakuna pesa nyingine.

Sisi wa Kyangwali hatujasahau mwaka 2018, kipindupindu kilipowashika watu waliokuwa wamevuka Ziwa Albert kutoka Ituri. Swali la maji machafu kwetu si mchezo. Basi tulijibu pamoja.

[Sauti: maji yanadondoka juu ya mawe]

MTANGAZAJI: Umeshawahi kukanyaga jiwe la mtoni ukateleza? Ule utelezi ni utando wa vijidudu. Wanaishi pale wameshikamana na jiwe, na wanakula uchafu ulioyeyuka ndani ya maji yanayopita. Tangi la vijana wetu linatumia vijidudu haohao. Maji yanadondoka juu, yanashuka polepole, yanatokea chini. Mawe yenyewe hayasafishi kitu. Ni nyumba tu, na wafanyakazi ni wapangaji wake.

Mpangaji huyu anadai vitu vitatu: mahali pa kushika, chakula na hewa. Hapo ndipo watu wengi wanakosea, kwa sababu wanahesabu mahali pa kushika peke yake.

Sikia hesabu. Chukua boksi la mita moja kila upande. Ukilijaza kokoto za sentimita 5, ukachukua ngozi za kokoto zote ukazitandaza, unapata karibu mita za mraba 70. Kokoto za sentimita 1 zinakupa kama 360. Chembe za mchanga za milimita 2 zinafika kama 1,800. Yule kijana wa mchanga aliposikia hivyo alipiga makofi.

Lakini subiri. Maji ya bafu yana nywele, mafuta na sabuni. Tena utando wenyewe unanenepa kila siku. Vitundu vya mchanga ni vidogo, vinaziba upesi. Maji yanasimama juu, hewa haipiti, harufu inaanza na nzi wanakuja. Ukifika hapo, zile mita 1,800 zimebaki kwenye karatasi. Mahali ambapo maji na hewa havifiki, usipahesabu. Mchanga ni mzuri kwa hatua ya mwisho, maji yakiwa yameshapungua uchafu.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Tuangalie vingine.

Makaa yana vinyweleo vingi, vijidudu wanayashika vizuri. Lakini yanavunjika yakibebeshwa uzito, na unga wake unaziba njia. Tena makaa ni chakula cha jioni cha mtu.

Matofali yaliyovunjika yana ngozi ya kukwaruza, na hapa yanapatikana. Shida ni tofali ambalo halikuiva. Likikaa majini linarudi kuwa udongo.

Vizibo vya chupa ni vyepesi na havigharimu pesa nyingi. Lakini vinaingiana kama sahani, na ngozi yake ni laini, kwa hiyo utando unachelewa kushika. Jua pia linaikausha plastiki mpaka inakatika.

Hata hivyo, plastiki ina sifa yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Wanorwe walitengeneza vigurudumu vidogo vya plastiki, upana wake kama sentimita 1, vinavyozunguka ndani ya tangi lililojaa maji. Ni vyepesi kidogo kuliko maji, ndiyo maana vinazunguka bila shida. Mita moja ya ujazo inatoa mita za mraba 500 hivi, na wanahesabu upande wa ndani tu, kwa kuwa nje vigurudumu vinasuguana na utando unatoka. Ni kazi safi. Lakini inataka mashine ya kupuliza hewa usiku na mchana. Umeme ukikatika, vinasimama. Kama huna umeme wa uhakika, usinunue.

MTANGAZAJI: Sasa fanya majaribio haya kabla ya kutoa pesa.

La kwanza: jaza ndoo ya lita 20 kwa mawe yako, kisha mimina maji kwa kipimo mpaka yafike ukingoni. Yakiingia lita 8, nafasi ni asilimia 40, inatosha. Yakiingia machache zaidi, umechanganya makubwa na madogo, na madogo yameziba nafasi. Chekecha, ubaki na ya ukubwa mmoja.

La pili: loweka tofali wiki moja, kisha lisugue kwa mkono. Likitoa tope, liache.

La tatu: osha mawe. Vumbi lake litakwenda kuziba chini.

Vijana wetu walichagua mawe magumu ya sentimita 5, wakaacha matundu ya hewa chini ya tangi. Kabla yake waliweka shimo la kutuliza maji, ili nywele, mchanga na mafuta vibaki huko.

Ukijenga lako, vumilia wiki kadhaa mpaka utando ushike. Usimwage klorini humo, utawaua wafanyakazi wako. Maji ya choo yasiingie. Na maji yanayotoka, hata yakionekana meupe, si ya kunywa. Vijidudu vya magonjwa bado vimo. Yapeleke kwenye migomba, mbali na chemchemi, na uwaite watu wa maji na usafi waje kuangalia kabla hujaanza.

Una swali? Liandike, ulete studio. Wiki ijayo tutazungumza juu ya lile shimo la kutuliza maji: nani alisafishe, na lini. Usiku mwema.

[Muziki wa kufunga]