Habari za Maji Magumu na Maji Laini

Katika darasa moja huko Karatu palikuwa na msichana aliyekuwa na desturi ya kuziba kinywa kwa mkono kila alipocheka. Meno yake yalikuwa na madoa ya rangi ya kahawia, na wenzake walimwambia, "Wewe hupigi mswaki." Lakini yule msichana alipiga mswaki asubuhi na jioni, na madoa hayakutoka. Siku moja akamwuliza mwalimu wake, "Mwalimu, kosa langu ni nini?" Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, huna kosa. Sababu imo katika maji." Darasa zima likanyamaza, maana maji ya bomba waliyokunywa yalikuwa maangavu, hayana tope wala harufu. Basi, na tuitazame habari hii, tujue jinsi ilivyo kweli.

Mji wa Karatu umo katika njia itokayo Arusha kwenda Ngorongoro. Karibu nao ipo milima ya Ngorongoro na Oldeani, ambayo zamani sana ilikuwa milima ya moto. Shimo kuu la Ngorongoro lenyewe ni mlima wa moto uliobomoka na kudidimia. Kina chake chapata mita 600, na sakafu yake ina eneo la kilomita za mraba kama 260. Msitu ulio juu ya ukingo wa shimo hilo hupata mvua na ukungu. Maji hunywea ardhini, kisha hutokea huko chini katika chemchemi na vijito. Lakini ukishuka kuelekea Ziwa Eyasi, nchi ni kavu na mvua ni haba. Huko watu hutegemea chemchemi chache na visima virefu.

Maji ya mvua yaangukapo hayana madini ila kidogo sana. Yakipita hewani na udongoni huchukua hewa ya ukaa, nayo huyatia ukali kidogo, hata yaweza kuyeyusha mawe polepole. Maji yafanana na msafiri apitaye nyumba nyingi, na katika kila nyumba apewa kitu kidogo. Afikapo mwisho wa safari, mkoba wake umejaa. Kwa hiyo maji ya chemchemi mbili zilizo karibu yaweza kuwa mbalimbali kabisa, kwa sababu hayakupita njia moja.

Maji yakipita katika mawe yenye chokaa hubeba madini ya kalsiamu, na pengine magnesiamu. Maji ya namna hii twayaita maji magumu. Ukitaka kuyajua, twaa chupa mbili zilizo sawa. Tia maji ya mvua katika moja, na maji ya bomba katika ya pili, nusu nusu. Katia kila chupa vipande vidogo vya sabuni, kiasi kile kile, kisha zitikise. Maji ya mvua yatatoa povu jingi upesi. Maji magumu yatatoa povu dogo, na juu yake utaona utando wa kijivu kama maziwa yaliyoganda. Utando huo ni sabuni iliyoshikwa na chokaa, nayo haifai tena kufulia. Hata birika lichemshalo maji magumu hufanya ukoko mweupe ndani, na huhitaji kuni nyingi zaidi.

Maji magumu humtia mama hasara ya sabuni na kuni, lakini ugumu wake haudhuru mwili. Tena dawa yake ni nyepesi. Ugumu wa namna moja huondoka kwa kuchemsha, kwani chokaa huganda na kushika birika. Ugumu wa namna nyingine huondoka kwa kutia magadi katika maji ya kufulia. Chokaa huungana na magadi na kuzama chini, na maji huwa laini.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wakiona maji yatoa povu jingi, tena ni maangavu, husema, "Haya ni maji mema." Lakini wahenga walisema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mawe na majivu ya milima ya moto mara nyingi yana magadi mengi, na maji yapitayo humo hupoteza chokaa yake ardhini kabla hayajatufikia. Basi maji hayo ni laini. Lakini majivu yayo hayo yana madini mengine yaitwayo floridi. Chokaa ikiwapo kwa wingi huishika floridi na kuizuia isiyeyuke sana. Chokaa ikiondoka, floridi hubaki majini bila kizuizi. Kwa hiyo si ajabu maji yapendwayo na mfuaji yawe ndiyo yamdhuruyo mtoto.

Floridi kidogo huyasaidia meno yasioze, ila ikizidi huyaharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Katika debe la lita 20 hiyo ni miligramu 30 tu, yaani uzito ulio karibu na punje moja ya mchele! Nchi yetu, kwa kuwa maji ya mikoa mingine yana floridi nyingi, mwaka 1974 iliweka kipimo cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Baadaye kipimo hicho kiliteremshwa.

Floridi iliyozidi hudhuru meno wakati yanapoumbwa, yakingali ndani ya ufizi, tangu mtoto azaliwapo mpaka apate miaka kama 8. Doa hutiwa kabla jino halijaonekana, basi mswaki utaliondoaje? Na mtu anywaye maji yenye floridi nyingi sana kwa miaka mingi huweza kudhurika hata mifupa, akapata maumivu ya viungo na mgongo.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Huko Marekani, katika mji wa Colorado Springs, mganga wa meno aitwaye Frederick McKay alianza kuchunguza madoa ya namna hii mwaka 1901. Alihisi kwamba sababu ni maji, lakini hakujua ni kitu gani ndani yake. Mwaka 1931 mkemia H. V. Churchill aliyapima maji ya mji mwingine wenye taabu hiyo, akaiona floridi.

Huenda wewe msomaji wasema, "Nyumbani kwetu twachemsha maji." Mwafanya vema, wala msiache, kwani moto huua vijidudu vya maradhi. Lakini floridi haiuawi kwa moto. Litazame Ziwa Magadi lililo ndani ya shimo la Ngorongoro. Mto Munge waingia humo, wala hapana mto utokao. Jua huyachukua maji, na chumvi hubaki, hata ziwa likawa na magadi mengi. Ndivyo ilivyo sufuria jikoni: mvuke huondoka, floridi hubaki katika maji yaliyopungua.

Tufanyeje basi? Kwanza, maji ya kila chemchemi na kila kisima yapimwe na wataalamu, maana jicho na ulimi haviwezi kuipima floridi. Pili, tukinge maji ya mvua kwa mabati safi na tangi lenye kifuniko, tukimwaga maji ya mvua ya kwanza yenye vumbi; na maji hayo, yakiisha kuchemshwa, wapewe kwanza watoto wadogo. Tatu, tusitie magadi mengi katika maharagwe na makande ili yaive upesi, kwa kuwa magadi mengine yana floridi nyingi. Nne, upo mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa, na maji hupitishwa ndani yake, mkaa huo hushika floridi, nao hubadilishwa ukiisha kujaa. Kazi hii imechunguzwa katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha.

Turudi kwa yule msichana. Wenzake walipoyasikia haya, mmoja wao aliyemcheka sana alisimama akamwomba radhi. Naye akasema, "Mwalimu, nyumbani kwetu yupo mdogo wangu wa mwaka mmoja. Meno yake ya ukubwani hayajaota." Mwalimu akamwambia, "Basi, mwanangu, kwake bado hatujachelewa. Nenda ukamweleze mama yako."

MASWALI

1. Kwa nini maji magumu hupoteza sabuni?
2. Kuchemsha maji huondoa nini, na hakuondoi nini?
3. Kwa nini mswaki hauondoi madoa ya floridi?
4. Maji ya nyumbani kwenu yatoka wapi? Je, yamepimwa?